Kuanzisha na Kusimamisha

Kabla simu haijafika Bugarama, sisi tulikuwa na mwano. Kwa msomaji asiyejua Kisukuma, mwano ni ukelele wa hatari. Mwenye ng'ombe akiamka usiku wa manane akakuta zizi limevunjwa, hutoka nje akapiga mwano. Jirani aliyeusikia hana nafasi ya kuuliza maswali. Huupokea, akaupiga naye kwa sauti yake huku akikimbilia kule ulikotokea, na aliye mbali zaidi hufanya vivyo hivyo, hata kijiji cha tatu na cha nne kikawa macho. Sungusungu walipoanza huku kwetu Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya wizi wa mifugo kuzidi kiasi, waliuchukua mwano huo wa mababu wakautia kanuni: mtu mzima aliyesikia asiende, alitozwa faini.

Nilikuwa mwalimu wakati huo, na nilishuhudia mara kadhaa jinsi ulivyofanya kazi. Kuanza kwake kulikuwa kwa ajabu. Mtu mmoja, koo moja, na kabla ya jogoo wa pili watu mia kadhaa wako porini na pinde zao. Lakini kuusimamisha ndiko kulikokuwa na taabu. Ng'ombe wamekwisha kupatikana alfajiri, mwenyewe amekwisha kuwarudisha zizini, na bado saa sita mchana wanaume wanaendelea kuwasili kutoka vijiji vya mbali, jasho linawatoka, mishale mikononi, wakitaka kuonyeshwa mwizi. Wengine walioambiwa warudi hawakuamini, wakaona wanafichwa jambo. Hofu ina miguu mirefu. Habari ya kwamba mambo yamekwisha hutembea kwa mkongojo.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu ya mjukuu wangu mmoja ambaye riziki yake ni kompyuta. Alipokuja likizo nilimwuliza, kwa elimu yote ile aliyosomeshwa, kazi yake hasa ni ipi. Akanijibu, "Babu, kazi yangu ni kuwasha na kuzima." Nilicheka. Hata mtumishi wa nyumba anawasha na kuzima taa. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza, na maelezo yake yalichukua jioni tatu.

Ndani ya kompyuta, aliniambia, programu iliyolala kwenye diski ni kama kitabu kilichofungwa kabatini. Ikianza kutenda kazi ndipo inapoitwa mchakato: imepewa nafasi yake katika kumbukumbu, imepewa namba yake, ina mambo yake mkononi. Kompyuta moja inaweza kuwa na mamia ya michakato kwa wakati mmoja, na mingi yake haionekani na mtumiaji. Inafanya kazi nyuma ya pazia, ikisubiri kuitwa. Sasa, zikiunganishwa kompyuta za Dar es Salaam, Mwanza, Kahama na Arusha ziwe mtandao mmoja mpana, michakato hiyo huanza kutegemeana. Wa Kahama hauwezi kujibu mteja mpaka wa Dar es Salaam umjibu wenyewe. Hapo ndipo utaratibu unapohitajika. Huanza wa msingi, yaani ule unaotunza daftari kuu la hesabu. Kisha ule unaopokea na kupeleka ujumbe. Mwisho ndio unaofungua dirisha kwa wateja. Ukifungua dirisha kwanza, wateja watajazana mlangoni kabla karani hajafika. Na wakati wa kuzima mambo hugeuzwa: dirisha hufungwa kwanza, waliomo ndani huhudumiwa mpaka wa mwisho, daftari huandikwa na kufungwa, ndipo taa zizimwe.

Kuna kuzima kwa namna mbili pia. Namna ya kwanza ni kuuambia mchakato umalize ulichonacho, uweke vitu vyako mahali pake, kisha uondoke. Namna ya pili ni kuukata papo hapo, na mafundi wenyewe huiita amri hiyo kuua, bila kupepesa macho. Mchakato uliouawa hauandiki chochote. Kama ulikuwa umetoa fedha kwa huyu na hujampa yule, basi zimebaki hewani, na mtu fulani itambidi akeshe akizitafuta.

Nilimwambia mjukuu wangu kwamba haya si mageni. Nchi yetu imeanzisha na kusimamisha mitandao mipana kwa zaidi ya miaka mia moja, na mingi ya michakato iliyokatwa vibaya nimeiona kwa macho yangu.

Tuanze na kompyuta zenyewe. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza Tanzania mwaka 1965, ya aina ya ICT 1500. Baadaye ikaja kubwa zaidi, na hesabu za Serikali zikahamishiwa humo. Mambo hayakwenda ilivyotazamiwa, gharama zikawa kubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mimi sina ugomvi na wazee wale. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, na mashine iliyoshinda watu wake haina heshima. Ila tazama mwaka wenyewe. Novemba 1974 ndipo Azimio la Musoma lilipotolewa, la kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, ambalo sisi tuliotoka Chuo cha Ualimu Butimba tulilibeba mabegani. Kwa mwaka mmoja tulifungua mlango wa kila shule na kuufunga ule wa kila kompyuta. Marufuku ile ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, ikaondolewa kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuianza kulichukua tangazo moja. Kuimaliza kulichukua karibu miaka ishirini, na kizazi kizima cha walimu, nikiwamo mimi, kilistaafu kikiwa hakijawahi kuigusa kompyuta darasani.

Mfano mzito zaidi ni wa 1977. Vijana wa leo huisikia Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kama hadithi ya siasa tu, ya marais watatu waliokosana. Kwetu ilikuwa reli, bandari, ndege, posta na simu. Barua niliyoitia posta ilipita katika shirika lililokuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Ukitaka mtandao mpana, ule ulikuwa mtandao mpana hasa. Ukakatwa mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mpaka Novemba 1983. Ndege zilibaki pale zilipotua, mabehewa pale yalipokuwa yamesimama, na kila nchi ikashika kilichokuwa mkononi mwake. Mgawanyo wa mali na madeni ulikubaliwa mwaka 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi.

Lakini mali ni rahisi kugawa kuliko kazi iliyokuwa njiani. Wale makarani, mafundi wa reli, waongoza meli na wapiga simu waliokuwa wakikatwa mishahara yao kwa ajili ya pensheni, nani angewalipa? Wastaafu wa Jumuiya wa Tanzania walikuwa bado wanadai haki zao mahakamani katika miaka ya 2000, zaidi ya robo karne baada ya Jumuiya kufa. Tuliwaona kwenye magazeti, wazee wa mvi wamekaa chini barabarani Dar es Salaam, na wengi wao walikufa kabla hawajalipwa. Mimi ni mstaafu, kwa hiyo nalisema hili bila kujifanya sina upande. Aliyesimamisha mchakato ule hakuwauliza waliomo ndani kama wamemaliza.

Jumuiya mpya ilipofufuliwa, kwa mkataba uliotiwa saini Arusha 30 Novemba 1999, wengi walisifu jinsi inavyoanza taratibu, jambo moja baada ya jingine. Nami nilisifu.

Kati ya nyakati hizo mbili ndipo kompyuta zilipoanza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, na historia hiyo haijulikani inavyostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa katika mradi ulioitwa ESANET. Usidhani ulikuwa mtandao wa kukaa wazi mchana kutwa. Kompyuta ilikusanya barua. Saa yake ikifika, modemu ilipiga simu, ikisikia mlio wa mwenzake ikapokezana naye barua zilizopo, kisha ikakata. Simu za nje zilikuwa ghali na laini zilikatika ovyo, kwa hiyo mchakato ule ulijengwa ukijua kwamba utakatizwa. Barua isiyofika leo ilibaki foleni mpaka kesho.

Madaktari wa Muhimbili walikuwa na njia ya ajabu zaidi. Shirika la SatelLife la Marekani, kupitia mradi wa HealthNet, lilitumia setilaiti ndogo zisizokaa mahali pamoja angani bali zinazoizunguka dunia kwa kupita karibu na ncha zake. Setilaiti moja ya namna hiyo, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Ilipita juu ya kituo cha ardhini mara chache kwa siku, kila safari kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo kituo kiliamka, kikapeleka barua zake, kikapokea za kwake, na setilaiti ikatokomea upeoni ikiwa imebeba maswali ya daktari wa Dar es Salaam kwenda kwa mwenzake wa mbali. Mtandao ule ulianza na kusimama kila siku na hakuna aliyeumia, kwa sababu wote walijua saa ya kusimama. Domeni yetu ya .tz ikaandikishwa mwaka 1995, na baada ya hapo habari za intaneti zinajulikana.

Nitoe mfano wa kazi yangu mwenyewe, maana mwalimu hawezi kumaliza bila ubao. Mtihani wa darasa la saba ni mchakato unaoanzishwa mahali maelfu kwa dakika ile ile. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1973, halimpigii simu kila mkuu wa shule kumwambia "sasa anza". Lingejaribu, shule ya kwanza ingekuwa imemaliza kabla ya ya mwisho haijaanza. Saa ndiyo inayoanzisha. Ratiba imefika mapema, bahasha zimefungwa, msimamizi kutoka shule nyingine yupo, na saa ikifika bahasha hufunguliwa mbele ya macho ya watahiniwa. Mjukuu wangu alikiri kwamba hata wao hupanga michakato mingine kwa saa badala ya kuamriana kwa ujumbe, kwa sababu ujumbe unaweza kupotea ila saa inapita kila mahali.

Na hapo akaniambia jambo lililonikaa moyoni. Katika mtandao mpana, kompyuta ya Mwanza ikinyamaza, aliye Dar es Salaam hawezi kujua kama mchakato wa kule umesimama, au unaendelea vizuri ila waya umekatika, au umechelewa tu. Kimya cha mambo hayo matatu ni kimya kimoja. Wanachoweza ni kukubaliana mapema kutumiana salamu kila baada ya muda fulani, na salamu zikikosekana kwa muda waliouweka, humhesabu mwenzao kuwa amekufa. Wakati mwingine hakufa. Anarudi na kukuta kazi yake imepewa mwingine, na sasa wako wawili wanaoandika katika daftari moja. Mwalimu mkuu yeyote aliyewahi kuandika barua wilayani kuomba madawati analifahamu tatizo hilo, ingawa upande wa daftari kuandikwa na wawili sisi hatukuufikia.

Sasa nije nyumbani. Mgodi wa Bulyanhulu uko hapa hapa Bugarama. Wachimbaji wadogo waliokuwapo waliondolewa mwezi Agosti 1996, mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001, na njia ya umeme mkubwa wa kilovolti 220 ikaletwa kutoka Shinyanga. Machi 2017 Serikali ikazuia makinikia kusafirishwa nje. Makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Bulyanhulu ilitegemea sana makinikia, na Septemba mwaka huo kampuni ikatangaza kupunguza shughuli. Kwa lugha ya mtaani, mgodi umefungwa.

Ila haukufungwa kama duka linavyofungwa. Mgodi wa chini ya ardhi ukizimwa kabisa, maji ya mwamba huanza kupanda, hewa huharibika, na baada ya muda hakuna wa kuurudia. Kwa hiyo kuzimwa kwake kulikuwa na utaratibu: uchimbaji ulisimama, lakini pampu za maji, hewa, umeme na ulinzi vikaendelea. Michakato ya mbele ilisimama, ya nyuma ya pazia ikabaki. Kwa sababu hiyo, kampuni ya Barrick ilipochukua hisa zote mwaka 2019, ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina asilimia 16, uchimbaji uliweza kuanza tena mwishoni mwa 2020 na kushika kasi mwaka 2021. Walifuata njia ya wenye akili: kwanza kukagua chini, kisha kuchimba, kisha kiwanda.

Ninachosikitikia ni kwamba utunzaji huo ulikuwa wa mashimo. Mama aliyepika ugali na maharage kwa wafanyakazi wa zamu hakuwa na pampu ya kumwendeshea jiko kwa miaka mitatu. Vijana waliopangisha vyumba walirudi kwao, wenye nyumba wakabaki na kuta. Wazazi walihamisha watoto katikati ya muhula. Mgodi ulipoamka, watoto wale walikuwa wamekwisha kupita umri wa darasa waliloliacha. Wahandisi walijua vizuri kipi kisizimwe chini ya ardhi; juu ya ardhi hakuna aliyekuwa na orodha.

Kuna mifumo iliyobuniwa kwa kuifikiria siku ya kusimama, na napenda kuusifu mmoja ambao watu huulaani tu: LUKU. Mei 2021 mfumo wa kuuza umeme ulikwama, na kwa siku kadhaa wateja nchini hawakuweza kununua kwa simu zao kama walivyozoea. Kelele zilikuwa kubwa. Lakini angalia kilichotokea majumbani: aliyekuwa na uniti aliendelea kuwaka. Mita ile ya nyumbani haizungumzi na Dar es Salaam. Namba tarakimu 20 tunazozibonyeza zimebeba ndani yake, kwa siri ya hesabu, kiasi tulichonunua na mita tuliyonunulia. Mita inazisoma na kuamini bila kumpigia mtu simu. Duka limefungwa lakini chakula kiko ghalani. Aliyelala giza ni yule aliyenunua cha siku moja, na kwa bahati mbaya ndiyo desturi ya maskini.

Mfano mwingine wa kuzima kwa taarifa ni laini za simu. Zilitakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole kabla ya mwisho wa 2019. Desemba ile Rais Magufuli alisajili ya kwake kijijini kwao Chato, mkoani Geita, akaongeza siku 20, mpaka 20 Januari 2020. Baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa kwa awamu. Bibi zetu wengi hawakuwa na kitambulisho cha taifa, na kero ilikuwepo. Hata hivyo kila mmoja alijua tarehe, na aliyekuwa na akiba katika simu yake alipata muda wa kuitoa.

Kukatika kusiko na taarifa tulikuonja Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika upande wa Afrika Kusini. Bahari haina adabu, huwezi kuilaumu. Tulikaa siku kadhaa na intaneti ya kuvuta kwa kamba.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, bahari haikuhusika. Intaneti ilizimwa nchini kote, na ikaanza kurudi 3 Novemba. Nchi ilikuwa katika siku nzito na mimi si mwandishi wa siasa. Wengine wataziandika siku zile kuliko nitakavyoweza. Nasema tu kwa upande wa somo letu: kule kuzima kulikuwa kwa namna ya pili. Hakuna aliyeambiwa amalize alichonacho. Kijana aliyekuwa akituma maombi ya kazi, mfanyabiashara wa Kahama aliyekuwa katikati ya kuagiza mzigo, binti aliyekuwa akifanya jaribio la chuo kwa kompyuta, wote walikatwa kalamu ikiwa hewani. Na kile kimya cha aina tatu, ambacho ndani ya kompyuta ni tatizo la mafundi, kiliingia katika kila nyumba yenye mtoto Mwanza au Dar es Salaam. Mtoto hajibu. Ni intaneti, ni chaji, au ni jambo jingine? Simu ya kawaida ikipatikana, unasikia sauti yake, unakaa chini.

Katika siku hizo tulifiwa na shemeji yetu mmoja Kahama. Waliokuwa karibu walipigiwa simu. Sisi wengine tuliandikiwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, kwa kuwa ndiyo desturi yetu siku hizi, na ujumbe ule ukabaki ndani ya simu ya aliyeuandika, ukisubiri njia. Mpwa wangu wa Nairobi alikuwa amepigiwa. Intaneti ya kwake ilikuwa nzima, naye akaandika pole yake siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mtandao ulipofunguka, kilichoingia kwanza katika simu yangu kilikuwa pole yake, ndefu, ya heshima, ikimtaja marehemu kwa jina. Nilisoma mara mbili. Halafu zikaja shukrani za wafiwa kwa wote waliohudhuria mazishi, na mchango wa matanga uliobaki. Taarifa ya msiba yenyewe iliingia ya mwisho, baada ya kama robo saa, ikituomba tufike Kahama kabla ya saa nane mchana wa siku tatu zilizopita.